Somo la Msimu: Huruma, Kipimo na Saa

Wanachama wenzetu,

Msimu wa karafuu umekaribia. Majamvi yanatolewa stoo, kamba zinakaguliwa, na wenye mashamba wameanza kutafuta wachumaji. Katika gazeti letu tumezoea kuzungumza habari za miche, za upaliliaji na za uanikaji. Mara hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze habari za mchumaji mwenyewe, maana karafuu haishuki mtini kwa miguu yake.

Msimu uliopita kijana mmoja katika mashamba yetu alikanyaga tawi bovu, likakatika, naye akaja chini. Sisi tuliokuwa karibu tulimwendea mbio. Mmoja alimwinua akamkalisha. Wa pili alimpa maji. Wa tatu alimpaka mafuta ya karafuu mgongoni. Kisha tukampakia juu ya pikipiki katikati ya watu wawili, ili asidondoke njiani. Kila mmoja alifanya aliyoyafanya kwa huruma, na hapana aliyekaa kutazama tu. Tulipofika hospitali, daktari alimchungua mgonjwa, kisha akatuuliza swali moja: "Nani alimkalisha?" Tulitazamana, hatukujibu.

Kijana yule alipona, Alhamdulillahi. Mfupa uliopasuka ulikuwa wa nyonga. Lakini daktari alitwambia waziwazi kwamba lau ungekuwa uti wa mgongo, kule kumkalisha na safari ile ya pikipiki vingeweza kumnyima miguu yake maisha.

Tangu siku ile tumekuwa tukisoma na kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata. Huruma ni njema, lakini huruma peke yake haitibu. Yataka mambo mawili mengine, nayo ni kipimo na saa. Kipimo maana yake kujua dawa ipi yafaa, kwa nani, na kiasi gani. Saa maana yake kujua lipi litangulie na lipi lingoje.

JINSI DAWA INAVYOPIMWA

Tuanze na jambo ambalo kila mkulima atalifahamu. Tuseme mtu amekuletea mbolea mpya akaisifu sana. Wewe ukaitia kwenye mikarafuu ya bondeni, penye udongo mzuri, ukaiacha mikarafuu ya mlimani bila kitu. Wakati wa mavuno, ya bondeni ikazaa zaidi. Je, ni mbolea hiyo, au ni bonde? Huwezi kujua. Ukitaka kujua kweli, itakupasa uchague miti kwa kura, mmoja upate, mmoja ukose, ya bondeni na ya mlimani pamoja. Na tena yule anayepima pishi asijue mti upi ulitiwa mbolea, asije akajaza moja na kupunguza nyingine kwa mapenzi ya moyo wake.

Hivyo ndivyo madaktari wanavyopima dawa. Wagonjwa hugawanywa kwa kura. Wengine hupewa dawa, wengine hupewa kitu kinachofanana nayo kisicho na nguvu yoyote. Mgonjwa hajui alichopewa, wala anayempa hajui. Mwisho huhesabiwa waliopona, walioumwa na waliokufa.

Kipimo kama hicho kimefanywa hapa hapa visiwani, nacho kikaishangaza dunia. Watoto wengi wa Pemba walikuwa na upungufu wa damu, na kila mtu alijua kuwa madini ya chuma huongeza damu. Basi watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waligawanywa kwa kura. Wengine wakapewa kila siku chuma pamoja na foliki asidi, wengine wasipewe. Watoto 24,076 walihesabiwa katika kazi hiyo. Wengi walitumaini kwamba waliopewa chuma wangestawi zaidi. Lakini mwezi wa Agosti 2003 wasimamizi waliokuwa wakizitazama hesabu waliamuru watoto wasipewe tena chuma. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2006 ilionekana kwamba waliopewa chuma walikuwa katika hatari ya kufa au kulazwa hospitali kwa maradhi makali iliyozidi ya wenzao kwa 12 katika mia.

Sababu haikuwa kwamba chuma ni sumu. Mtoto aliyekuwa na upungufu wa chuma hasa, na tena akatibiwa malaria yake vizuri, alifaidika. Aliyedhurika ni yule aliyepewa bila ya kuhitaji, katika nchi iliyokuwa na malaria nyingi wakati huo. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu kuwapa chuma watoto wote bila ya kuwapima, mahali penye malaria. Twaomba tusifahamike vibaya. Mama mja mzito aliyepewa vidonge vya chuma kliniki avimeze kama alivyoambiwa, kwani hilo ni jambo jingine, nalo lina kipimo chake.

Funzo ni kwamba dawa njema, ikipewa asiyeihitaji, yaweza kuwa mbaya. Na jambo hili lilijulikana kwa sababu wazazi wa Pemba walikubali watoto wao wahesabiwe.

KARAFUU YENYEWE

Sasa tuje kwenye zao letu. Wazee wetu wametafuna karafuu kwa maumivu ya jino tangu zamani. Je, ni kweli inafaa, au ni mazoea tu?

Nguvu ya karafuu imo katika mafuta yake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujenoli. Hicho ndicho kinachotoa ile harufu, na ndicho kinachotia ganzi ulimini. Madaktari wa meno huchanganya yujenoli na unga wa zinki, wakapata udongo mweupe wa kuzibia jino kwa muda.

Mwaka 2006 wataalamu wa chuo kikuu cha Kuwait walitangaza kipimo walichokifanya kwa watu wazima 73. Walisaga karafuu, wakachanganya na gliserini, wakawapaka baadhi ya watu ufizini. Wengine waliwapaka benzokeni, ambayo ni dawa ya ganzi ya hospitali, na wengine wakawapaka vitu visivyo na nguvu. Baada ya dakika chache wakawadunga sindano pale pale, wakawauliza maumivu yamekuwaje. Waliopakwa karafuu waliumia kidogo kuliko waliopakwa vitu visivyo na nguvu, na hapakuonekana tofauti kubwa baina ya karafuu na ile dawa ya hospitali.

Basi wazee walisema kweli. Lakini angalieni mpaka wa kweli hiyo. Karafuu ilipunguza maumivu ya ufizi kwa muda mfupi. Haikuziba tundu la jino, wala haikuondoa usaha. Mwenye jino bovu akiweka karafuu apate usingizi usiku, amefanya vyema, ila asubuhi aende kwa daktari wa meno. Anayeweka karafuu miezi sita bila kwenda, huyo anajificha nyuma ya ganzi huku jino linaendelea kuoza. Na mafuta safi yasiyochanganywa, yakimwagwa ufizini mara kwa mara, huunguza nyama.

Lipo jambo kubwa kuliko hilo. Wengi wetu tunayo nyumbani chupa ya mafuta ya karafuu, ama ya kununua ama ya makonyo. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa kiume wa miaka 2 aliyekunywa mafuta hayo baina ya mililita 5 na 10. Hicho ni kijiko kimoja hadi viwili vya chai. Mtoto yule alizimia, akapata kifafa, ini lake likaharibika, na damu yake ikawa haigandi. Alinusurika kwa sababu alikuwa hospitali yenye vifaa. Kitu kile kile kinachomtuliza baba kwa tone moja kilikaribia kumuua mtoto kwa vijiko viwili.

Kwa hiyo twasema kwa mkazo. Chupa ya mafuta ya karafuu iwekwe juu, palipofungwa, mbali na watoto. Isitiwe katika chupa ya soda wala ya dawa ya kikohozi. Mtoto mchanga asinyweshwe kwa ajili ya tumbo wala kwa ajili ya meno yanayoota. Mtoto akiisha kuyanywa, msimtapishe, kwani mafuta yaweza kuingia mapafuni. Mchukueni hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Na aliyeanguka mtini asipewe mafuta hayo kunywa, hata kidogo. Katika maabara yujenoli imeonekana kuzuia chembe za damu zisishikane, na mtu anayetoka damu anahitaji damu yake igande.

HESABU YA SAA

Wapo wanaoanguka mtini wakainuka, wakacheka, wakaendelea kuchambua karafuu, kisha usiku wakafa. Mara nyingi sababu ni damu inayotoka ndani, katika bandama, ini au kichwa, mahali jicho halioni. Hapa ndipo saa inapokuwa na thamani kuliko dawa.

Mwaka 1962 Bibi Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wa Japani, walitangaza habari za dawa waliyoivumbua, iitwayo asidi ya traneksamiki. Kazi yake ni kuizuia damu iliyokwisha ganda isiyeyuke. Kwa miaka mingi haikujulikana kama yaweza kumwokoa aliyeumia katika ajali. Ndipo kikafanywa kipimo kikubwa cha majeruhi zaidi ya 20,000, katika hospitali 274 za nchi 40, na matokeo yakatoka mwaka 2010. Waliopewa dawa walikufa wachache kuliko wasiopewa.

Lakini mwaka 2011 hesabu zilipopangwa kwa saa, lilitokea jambo la kutufunza sote. Kwa waliotibiwa ndani ya saa moja tangu kuumia, katika kila watu 1,000 waliopewa dawa, 53 walikufa kwa kutokwa na damu, na katika kila 1,000 wasiopewa walikufa 77. Kutoka saa moja hadi saa tatu, waliopewa walikufa 48 na wasiopewa 61. Baada ya saa tatu mambo yakageuka, waliopewa wakafa 44 na wasiopewa 31. Dawa ni ile ile, na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni saa.

Dawa hiyo si ya kuweka shambani, hutolewa hospitali kwa sindano ya mshipa. Kazi yetu sisi ni kumfikisha mgonjwa akiwa bado na saa mkononi. Saa hiyo huanza kuhesabiwa pale anapogusa ardhi, haingoji mlango wa hospitali. Tukikaa nusu saa kubishana, na nusu saa nyingine tukimngoja mkandaji, tumekula saa yake ya kwanza yote. Kwa hiyo mtu akianguka, mmoja atazame saa papo hapo na aishike kichwani, kwani daktari ataiuliza.

MTU AKIANGUKA

Yafuatayo ndiyo mambo ya kufanya. Tungependa kila mwenye shamba awasomee wachumaji wake kabla ya siku ya kwanza ya kuchuma.

1. Mwacheni alipo. Msimwinue, msimkalishe, msimvute kwa makwapa. Mwambieni atulie, asigeuze shingo. Akitaka kuinuka mwenyewe, mbembelezeni alale.

2. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishike kwa mikono miwili, pande zote mbili, kama kilivyo. Asikiache mpaka mgonjwa afike kwa wenye kujua.

3. Wakati huo huo mwingine apige simu kutafuta gari. Haraka iwe ya gari, isiwe ya mikono.

4. Tazameni pumzi. Aliyezimia akitaka kutapika, mgeuzeni ubavu watu watatu au wanne kwa pamoja, kichwa, kiwiliwili na miguu vikienda mara moja kama gogo. Ikiwa hapumui kabisa wala haitiki, mtu aweke mikono miwili katikati ya kifua abonyeze kwa nguvu, kadiri ya inchi mbili, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hapo kumrudishia uhai kunatangulia mambo yote.

5. Damu inayotoka nje izuieni kwa kitambaa safi, mkibana kwa nguvu bila kuachia. Msifunue kila mara kutazama. Kitambaa kikilowa, wekeni kingine juu yake.

6. Mwulizeni kama anasikia mkiugusa mguu, na kama aweza kuchezesha vidole. Jibu lake likumbukweni. Msimlazimishe kujaribu kusimama.

7. Mfunikeni kwa kanga au shuka asipate baridi. Msimpe chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji kupasuliwa.

8. Msimkande wala kumnyosha. Mfupa uliovunjika ukikandwa waweza kukata mshipa uliokuwa mzima. Mguu uliovunjika ufungwe pamoja na mguu mzima, na kitambaa laini katikati, kama ulivyokaa.

9. Kumbeba yataka watu watano au sita na kitu kigumu kilichonyooka. Ubao mpana wafaa, mlango wafaa, hata ngazi iliyotandikwa mablanketi yafaa. Mwenye kushika kichwa ndiye atoe amri, na wote wainue pamoja kwa neno lake. Afungwe kwa kanga kifuani, nyongani na miguuni asiteleze. Ubao ni wa kubebea tu. Akifika hospitali aondolewe juu yake upesi, maana ubao mgumu huleta vidonda.

10. Asipandishwe baiskeli wala pikipiki. Gari ya ng'ombe iendayo taratibu, akiwa amelala, ni bora kuliko pikipiki iendayo mbio akiwa amekunjwa.

11. Hata aliyeinuka akatembea apelekwe kutazamwa ikiwa ameanguka kutoka juu. Akiumwa na tumbo, akiwa na usingizi usio wa kawaida, akitapika, au akiona kizunguzungu, msingoje kupambazuke.

BAADA YA HOSPITALI

Wapo ndugu zetu walioanguka miaka iliyopita na miguu ikapooza. Hao nao wamo katika somo hili, wasije wakasahauliwa ndani.

Zamani mtu aliyekatika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa hana siku nyingi. Kilichowaua wengi kilikuwa vidonda vya kulala na maradhi ya mkojo. Mwaka 1944 Dakta Ludwig Guttmann, aliyeikimbia Ujerumani kwa dhuluma ya Wanazi, alipewa kazi ya kutunza askari waliovunjika migongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa mpya ya kuunga uti wa mgongo. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, mkojo utunzwe kwa usafi, na kila mmoja apewe kazi na mazoezi. Watu waliodhaniwa kufa wakaishi miaka mingi. Mwaka 1948 watu 16 walishindana kupiga mishale hapo hapo hospitalini wakiwa katika viti vya magurudumu, na hapo ndipo ilipoanza michezo iitwayo leo Paralimpiki.

Kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili hakuhitaji fedha, kunahitaji zamu. Mama mmoja hawezi kuamka usiku kucha mwaka mzima, lakini jamaa wanne wakipokezana wataweza. Kila siku zitazamwe kalio, nyonga na visigino. Mahali palipokuwa pekundu au peusi kuliko kawaida pasilaliwe mpaka parudi hali yake. Shuka iwe kavu na isiyo makunyanzi. Na mgonjwa akipata homa au mkojo ukinuka vibaya, aonwe na daktari upesi.

TUFANYEJE SASA

Twawaletea wanachama mapendekezo manne, yazungumzwe katika mkutano ujao kabla ya kuchuma kuanza:

Kwanza, kila kikundi cha mashamba kiwe na ubao mmoja wa kubebea, wenye urefu wa mtu, uwekwe mahali panapojulikana na wote.

Pili, nambari za simu za wenye magari walio karibu ziandikwe na zibandikwe kwenye mlango wa banda la karafuu.

Tatu, kamba na ngazi zikaguliwe kila asubuhi, asipande mtu mti ulioloa mvua, na matawi yasiyofikika yavutwe kwa ngoe badala ya kuparamiwa. Watoto wapewe kazi ya kuchambua, si ya kupanda.

Nne, tumwombe muuguzi au daktari wa hospitali iliyo jirani aje siku moja, atufundishe kwa vitendo kushika kichwa, kugeuza na kubeba. Mambo hayo husomwa kwa macho, lakini hujulikana kwa mikono.

Gharama ya ubao mmoja ni ndogo mno ukiilinganisha na polo moja la karafuu kavu. Karafuu ikianguka chini huokotwa. Mtu naye akianguka aokotwe na wajuao namna ya kumwokota.

Mwenye swali na aje nalo mkutanoni. Twawatakia msimu wa heri, na Mungu awashushe wachumaji wetu salama kama walivyopanda.